Kuuona Ukurasa Kabla ya Kuufungua



Mpendwa msomaji, andika kwenye simu yako maneno "dawa ya mikorosho" kisha utazame kinachorudi. Ni mistari tu. Kichwa cha habari, anwani ya tovuti kwa maandishi madogo, na sentensi mbili zilizokatwa katikati. Chini yake kuna kingine cha aina hiyohiyo, na kingine tena. Kwa macho vyote vimefanana kama punje za mtama, ingawa kimoja kinaweza kuwa kijitabu cha watafiti, cha pili tangazo la muuza dawa, cha tatu habari ya zamani ya gazeti kuhusu pembejeo, na cha nne ukurasa uliojazwa maneno ovyo ili uingie tu na kuonyeshwa matangazo.

Sisi tunaoishi Naliendele tunalikuta jambo hili kila mwaka mikorosho inapochipua na kutoa maua. Waamini wa jumuiya ndogo ndogo huja na simu mkononi, wakiamini kwamba anayesoma falsafa lazima ajue na mambo ya intaneti. Swali lao si la kujifurahisha. Salfa hupambana na ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaofunika maua na majani machanga kama unga wa muhogo. Lakini mbu wa mikorosho ni mdudu. Anafyonza machipukizi hadi yanakuwa meusi na kukauka, na salfa haimwondoi. Mwenye shamba akiufuata ukurasa usiohusu tatizo lake, atanunua, atapuliza, na maua yatakauka mbele ya macho yake. Kwa familia nyingi za huku fedha ya korosho ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba.

Hatuandiki hapa kuhusu dawa ipi inunuliwe. Kazi hiyo ina wenyewe. Tunataka kueleza njia moja ndogo ya kutafuta, yaani kuitazama sura ya ukurasa kabla ya kuufungua, na kueleza pia nguvu ya njia hiyo inaishia wapi.

Swali la Meno

Wanafunzi wa falsafa wanalikumbuka swali ambalo Plato analiweka kinywani mwa Meno. Kijana huyo anamwuliza Sokrate: utatafutaje kitu usichokijua kabisa? Na hata ukikutana nacho njiani, utajuaje kwamba ndicho? Darasani swali hili huonekana kama mchezo wa maneno. Mbele ya kisanduku cha kutafutia halichekeshi tena. Injini ya utafutaji inakutaka uandike neno, na neno ndilo hasa usilokuwa nalo. Mzee wetu wa Naliendele hajawahi kusikia jina "blaiti". Anachokijua ni jani: mabaka ya kahawia, yalianzia upande gani, mti upi ulitangulia kuugua. Mwambie aeleze kwa maneno matatu, atababaika. Mwonyeshe picha tano za majani yanayougua, ataweka kidole juu ya moja bila kusita.

Jibu la Plato mwenyewe, kwamba roho inakumbuka ilichokijua zamani, walimu wetu wameshatuonyesha mipaka yake. Hata hivyo jambo alilolinusa ni la kweli. Kukitambua kitu ni rahisi kuliko kukitaja. Aristotle naye, anapoanza kitabu chake cha Metafizikia, anaipa hisi ya kuona nafasi ya mbele kwa sababu ndiyo inayotuonyesha tofauti nyingi zaidi kati ya vitu. Sasa orodha ya matokeo ya utafutaji imeziondoa karibu tofauti zote. Imelinyima jicho kazi yake, ikauachia mzigo wote ule usomaji wa sentensi zilizokatwa.

Padre na kadi zake

Kabla ya kufika kwenye simu, inafaa tumtaje padre mmoja, kwa kuwa waseminari wengi hawajui kwamba utafutaji wa maneno kwa mashine una deni kubwa kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino.

Roberto Busa, Mjesuiti wa Italia, alipokuwa akiandaa tasnifu yake ya udaktari katika miaka ya 1940, alitaka kujua Thoma anafundisha nini kuhusu uwepo. Njia iliyo wazi ilikuwa kutafuta maneno ya Kilatini yenye maana hiyo, praesens na praesentia. Akaona hayamfikishi mbali. Mafundisho aliyoyatafuta yalikuwa yameshikamana na kihusishi kidogo, in, ambacho kwa Kiswahili tungesema "katika" au "ndani ya". Hebu fikiria kazi ya kutafuta neno hilo katika maandishi yote ya Thoma! Akaandika kwa mkono kadi zipatazo 10,000, kila kadi ikibeba sentensi yenye neno hilo. Mwaka 1949 alikwenda New York kuonana na Thomas Watson, mkuu wa kampuni ya IBM, kuomba msaada wa mashine. Kazi iliyozaliwa ikaitwa Index Thomisticus. Ilidumu miaka ipatayo thelathini na ilichapwa katika majuzuu 56.

Tunamtaja Padre Busa kwa sababu ya kadi zile. Hakuridhika na orodha inayosema neno liko ukurasa fulani, mstari fulani. Alitaka kuliona neno likiwa nyumbani kwake, kati ya maneno mengine, ndipo aamue kama ndilo. Zile sentensi mbili zilizokatwa ambazo simu inatuonyesha leo chini ya kila kichwa ni wajukuu wa kadi hizo. Kilichopungua ni sura ya nyumba yenyewe.

Waliojaribu kuirudisha sura

Mwaka 2001, Allison Woodruff na wenzake wa kituo cha utafiti cha Xerox PARC, California, walichapisha jaribio lililojibu swali letu kwa saa mkononi. Waliwapa watu kazi ya kutafuta majibu kwenye kurasa za intaneti kwa kutumia muhtasari wa aina tatu. Aina ya kwanza ilikuwa maneno matupu, kama tulivyozoea. Ya pili ilikuwa kijipicha, yaani ukurasa mzima uliopunguzwa hadi ukubwa wa stempu. Ya tatu ilikuwa kijipicha kilichoongezewa maandishi: vichwa vya habari vimekuzwa ili visomeke, na maneno yanayotafutwa yamewekwa juu ya picha kwa rangi. Wenye maneno matupu walitumia wastani wa sekunde 95 kupata jibu. Wenye kijipicha kitupu walitumia sekunde 86. Wenye kijipicha chenye maandishi, sekunde 67.

Kilichotuvutia zaidi ni jambo jingine katika jaribio hilo. Kwa baadhi ya maswali maneno yaliishinda picha, na kwa maswali mengine picha iliyashinda maneno. Vikishirikiana, havikushindwa na kimoja peke yake katika aina yoyote ya swali. Kwa hiyo asije mtu akasema tunawafundisha watu kutosoma. Jicho na neno vinafanya kazi pamoja, kama mwili na roho, ingawa mfano huu usikazwe sana, walimu wetu wasije wakatuita.

Kampuni nazo zilijaribu. Mwaka 2004 injini ya Ask iliweka alama ya darubini kando ya matokeo. Ukiigusa, picha ya ukurasa inatokea. Novemba 2010 Google nao wakaweka kioo cha kukuzia kilichofanya kazi kama hiyo, na mwaka 2013 wakakiondoa. Kwa maoni yetu waliondoa kitu chema. Picha ile ilikuwa imeandaliwa tayari kwenye kompyuta zao, hivyo kilichosafiri hadi kwako kilikuwa kijipicha, si ukurasa mzima na matangazo yake. Kwa mtu anayenunua bando la siku, hiyo si tofauti ndogo.

Kilichobaki mikononi mwetu

Njia ya kwanza, na kwa simu zetu za kawaida ndiyo bora, ni sehemu ya Picha ndani ya injini ya utafutaji. Wengi huiona kama mahali pa kutafutia picha za maua ya kupamba altare. Lakini kila kijipicha pale ni mlango wa ukurasa fulani, na chini yake limeandikwa jina la tovuti kilikotoka. Ukiandika "ubwiri unga mikorosho" kisha ukagusa Picha, unapata ukuta mzima wa milango, na jicho linaweza kupita juu ya ishirini kwa muda ule unaotumika kusoma matokeo matatu ya maneno. Majedwali, mabango, kurasa za vijitabu na picha za majani vyote vinajitofautisha hapohapo.

Tuchukue mfano. Mdudu wetu, mbu wa mikorosho, kwa jina la kisayansi anaitwa Helopeltis. Ukiandika jina hilo peke yake, sehemu ya maneno itakuletea kurasa zenye kichwa kinachofaa kabisa: Helopeltis, madhara yake, namna ya kumdhibiti. Nyingi hazihusu korosho. Mdudu wa jamii hiyo ni adui mkubwa wa chai huko India, na wengine wa jamii yake hushambulia kakao. Ukiwa na maneno tu utazifungua moja baada ya nyingine. Ukiwa na vijipicha, mkulima mwenyewe atakuambia, bila kujua hata herufi moja ya Kiingereza, "Hilo si jani la mkorosho." Jani la chai ni jembamba na lina meno pembeni, la mkorosho ni pana na ncha yake imeviringana. Pale mwalimu anakuwa mkulima, nasi tunabaki kushika simu.

Njia ya pili ni kukishikilia kiungo kwa kidole badala ya kukigusa na kuachia. Kwenye simu za Android zenye kivinjari cha Chrome hutokea orodha ndogo, na ndani yake kuna chaguo la kuutazama ukurasa kabla ya kuufungua. Ukurasa unapanda kutoka chini ya kioo kama karatasi iliyochomoza mezani. Unausogeza, unautazama, unaufunga, na orodha yako ya matokeo bado iko palepale. iPhone nayo, ukishikilia kiungo ndani ya Safari, inaonyesha ukurasa uliopunguzwa. Faida yake ni kwamba hupotei njia. Kuingia na kutoka kwenye kurasa kumi ndiko kunakomfanya mtu asahau alikuwa anatafuta nini. Lakini bando haliokolewi hapa, kwa sababu ukurasa wenyewe unapakuliwa ili uonyeshwe. Anayehesabu MB aanze na Picha, kisha ashikilie viungo viwili au vitatu tu vilivyobaki. Na vitabu vya PDF mara nyingi havionyeshwi hivyo. Vinashuka moja kwa moja kwenye simu, hata kama vina kurasa mia mbili.

Wanaotumia kompyuta watakuwa wameona kwamba Wikipedia, tangu mwaka 2018, inatoa aya ya kwanza na picha pale unapoweka mshale juu ya kiungo bila kubonyeza. Ni jambo dogo linalookoa muda mwingi wakati wa kuandaa kazi ya nyumbani.

Jicho litazame nini

Kijitabu cha watafiti kina jalada. Kina nembo juu au chini, majina ya waandishi, mwaka, na ndani yake majedwali. Hata kikipunguzwa hadi ukubwa wa ukucha, jedwali hubaki jedwali. Tangazo la dawa lina chupa kubwa katikati na namba ya simu yenye tarakimu nene. Habari ya gazeti ina picha ya kiongozi akiwa jukwaani, na mkorosho wenyewe ukionekana basi uko nyuma ya mabega yake. Ukurasa wa kunasa watu una aya fupifupi zilizotenganishwa na visanduku vya matangazo, na mara nyingi picha ya jani ambalo si la mkorosho hata kidogo.

Kwa nyaraka za zamani sura inasaidia kuliko maneno. Kituo cha hapa kwetu leo kinajulikana kama TARI Naliendele, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Machapisho ya kabla ya hapo yanabeba jina la zamani la kituo cha utafiti wa kilimo. Baadhi ya nyaraka za miaka ya nyuma ziliingizwa kwenye intaneti kwa kupigwa picha tu, karatasi kwa karatasi. Mashine isipoweza kuzisoma herufi zilizo ndani ya picha hizo, muhtasari wa maneno hutoka ukiwa mtupu au umejaa alama zisizoeleweka, na mtafutaji anaupita. Akiona kijipicha cha jalada lenye herufi za taipureta na mchoro wa tawi la mkorosho, atasimama.

Waseminari wenzetu tunaohangaika na Summa Theologiae tunayo bahati, maana Thoma anatambulika kwa umbo. Swali, pingamizi zilizopangwa kwa namba, kisha kauli ya kinyume, kisha jibu refu, kisha majibu ya pingamizi moja moja. Mpangilio huo unaonekana hata herufi zisiposomeka. Insha ya mwanafunzi mwenzako wa nchi nyingine inayomfupisha Thoma itaonekana kama aya ndefu zisizo na hatua hizo. Duka la vitabu litaonyesha jalada na bei. Corpus Thomisticum, yenye maandishi ya Kilatini, ina kurasa kavu zisizo na mapambo, na mgeni anaweza kudhani tovuti imeharibika; imekamilika, na ni hazina. Tovuti ya Vatikani, iliyofunguliwa Desemba 1995, kwa miaka mingi ilijulikana kwa rangi yake ya ngozi ya kuandikia ya kale. Ukiiona rangi hiyo kwenye kijipicha unakisia umefika. Unakisia, tunasema, kwa kuwa rangi haina hakimiliki.

Sura iliyopakwa

Hapa tunafika kwenye jambo linalowaumiza watu, na tungependa lisomwe taratibu.

Kiungo kinapotumwa kwa WhatsApp hutokea na picha na kichwa. Watu wanadhani hiyo ni picha ya ukurasa. Siyo. Utaratibu huo ulienea baada ya Facebook kuuanzisha mwaka 2010: mwenye ukurasa anaandika ndani yake mistari isiyoonekana na msomaji, akisema nikitumwa kwa watu, nionyesheni kwa kichwa hiki na picha hii. Vijipicha vya Ask na Google vilikuwa picha ya ukurasa kama ulivyo. Hiki cha WhatsApp ni picha aliyoichagua mwenye ukurasa. Tena hutengenezwa na simu ya mtumaji wakati wa kutuma. Ukurasa ukibadilishwa kesho, picha iliyokwisha kutumwa haibadiliki.

Kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuweka Nembo ya Taifa, picha ya jengo la wizara na kichwa kinachotangaza ajira au mikopo ya vijana, kisha akaacha ujumbe utembee kutoka kundi la kwaya hadi kundi la WAWATA. Anayebonyeza anaombwa jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, na mwishowe ada ndogo ya usajili. Wapo waamini waliotoa ada hiyo kwa fedha ya kuazima.

Dawa yake iko kwenye anwani, si kwenye picha. Tovuti za serikali yetu huishia na .go.tz, za vyuo na .ac.tz. Tazama sehemu ya anwani iliyo kabla ya alama ya mkwaju ya kwanza baada ya jina la tovuti, kisha isome kutoka mwisho kurudi nyuma. Matokeo ya Baraza la Mitihani yako chini ya necta.go.tz, habari za TARI chini ya tari.go.tz. Iwapo maneno hayo yapo mwanzoni au katikati ya anwani lakini mwisho wake ni jina jingine, basi lile jina la mwisho ndilo lenye nyumba. Yaliyotangulia ni pazia. Unaweza hata kuiamuru injini ya utafutaji ikuletee matokeo ya nyumba moja tu: andika site:tari.go.tz, acha nafasi, kisha andika mikorosho. Baada ya hapo gusa Picha. Vijipicha vitakavyotokea vyote vitakuwa vimetoka kwenye tovuti hiyo moja, na jicho litafanya kazi yake kwa amani zaidi.

Kitu kingine ambacho picha haikuambii ni wakati. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilikaribia pwani yetu kabla ya kuipiga Msumbiji, na Mei 2024 kikaja Hidaya. Kijipicha cha habari ya mwaka mmoja hakitofautiani na cha mwaka mwingine: wingu linalozunguka juu ya bahari, mnazi ulioinama. Mvuvi wa Msimbati anayeamua kama ataingia baharini leo hasaidiwi na picha hiyo hata ikiwa ya kweli kabisa. Anahitaji tarehe, na kwa hali ya hewa aende meteo.go.tz, ya Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Thoma anafundisha kwamba ukweli, kwa maana yake kamili, umo katika akili inapounganisha na kutenganisha, yaani inapohukumu. Jicho linapokea sura ya kitu kama inavyojitokeza. Halijiulizi kama sura hiyo inalingana na kitu chenyewe. Mafundisho haya tuliyoyasoma kwa ajili ya mtihani yanatufaa sana hapa. Kijipicha kinatusaidia kuamua ukurasa upi tuufungue. Kuamini kilichomo ni tendo jingine, lenye maswali yake: nani ameandika, lini, kwa ajili ya mti upi na ardhi ipi. Maswali hayo hayajibiwi bila kuufungua ukurasa na kuusoma.

Kuhusu mikorosho yenyewe, waamini wa Naliendele wana njia fupi kuliko zote tulizozieleza. Kituo cha utafiti kiko hapahapa kwetu. Kata tawi lenye jani linaloumwa, chipukizi na ua, lifunge kwenye mfuko, ukawaulize. Mlio mbali, Tandahimba, Newala au Masasi, piga picha nne asubuhi kabla jua halijawa kali: mti mzima, tawi, jani upande wa juu, jani upande wa chini. Mtumieni afisa ugani wa kata yenu kabla ya kununua chochote, na katika ujumbe andikeni tarehe mlipoliona tatizo kwa mara ya kwanza, kwani hiyo picha haitaisema.